Mshono wa tumbo unapoachia: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za safari hii zimetoka Rungwe, Mbozi, Iringa, Njombe na Makete. Zinatofautiana, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu amepasuliwa tumbo, ameshonwa, ameruhusiwa kwenda nyumbani, kisha mshono umeachia au wenyewe wanahofia utaachia. Tunaanza na ile nzito kuliko zote.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 24. Alipasuliwa kwa dharura baada ya utumbo kutoboka kwa homa ya matumbo. Siku ya 8 bandeji ililowa chapachapa kwa maji mepesi mekundu, kama maji ya kuoshea nyama. Hakuwa na homa, na nyuzi zilionekana ziko sawa. Tuliambiwa ni kawaida, wakabadilisha bandeji. Kesho yake alikohoa, mshono ukafumuka wote na utumbo ukatoka nje. Amepasuliwa tena, anaendelea vizuri. Tulipaswa kufanya nini? Na kosa ni la nani? (Msomaji, Rungwe)

JIBU: Pole sana, na tunashukuru mdogo wako anaendelea vizuri. Maji uliyoyaeleza ndiyo dalili ambayo tungependa kila mwenye mgonjwa aikariri. Yakitoka kati ya siku ya 5 na ya 14 baada ya upasuaji, hasa yakija mengi kwa mpigo, hesabu kwamba mshono wa ndani umeshaachia mpaka daktari wa upasuaji aseme vinginevyo. Hayanuki, si usaha, mara nyingi hayaji na maumivu makali wala homa. Ndiyo maana yanapuuzwa, hata na watu waliosomea kazi hii.

Kinachodanganya ni ngozi. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando mgumu mweupe ulioshikamana na misuli. Huo utando ndio unaobeba tumbo. Ngozi ni plasta ya ukuta, utando ndio matofali. Matofali yanaweza kuachana kabisa huku plasta haijapata hata ufa: nyuzi za juu zimekaa zilivyowekwa, lakini chini yake utumbo umebaki unazuiwa na ngozi peke yake. Maji ya tumboni yanapenya kwenye mwanya na kulowesha bandeji. Baada ya hapo kinachosubiriwa ni kikohozi, chafya, kutapika au kujikamua chooni. Baadhi ya wagonjwa husema walihisi kitu kimekatika ndani.

Kwa hiyo siku ya maji yale alitakiwa alale chali, asile wala kunywa chochote, na apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Zahanati haitoshi, na bodaboda haifai hata kidogo, kwani kila shimo la barabara ni kikohozi kingine.

Utumbo ukishatoka, mlaze mgonjwa chali, kichwa kiinuke kidogo na magoti yakunjwe, kwa sababu magoti yakikunjwa misuli ya tumbo hulegea. Usiurudishe utumbo ndani, hata kama unaonekana unarudi kirahisi, maana unaweza kuukunja, kuuchubua au kuubana. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweshe kwa maji ya chumvi ya hospitali. Usipokuwa nayo, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Funika utumbo wote, kisha weka mfuko wa nailoni safi juu ya kitambaa ili unyevu usipotee, halafu kitenge au blanketi la kutunza joto. Utumbo ukikauka au ukipoa unaharibika haraka. Usitumie pamba wala karatasi laini, vinanata. Kila dakika 15 hivi tazama kama kitambaa bado kimelowa, kikianza kukauka ongeza maji. Piga simu hospitali mnakokwenda mkiwa bado njiani, chumba cha upasuaji kiandaliwe.

Kuhusu kosa. Uzi wenyewe mara nyingi haukatiki. Mgonjwa akifunguliwa tena, uzi hukutwa mzima na fundo lake. Kilichokatika ni utando: uzi umeupasua kama waya unavyopasua jibini. Hilo hutokea pale utando ulipodhoofishwa na usaha, pale tumbo lilipojaa gesi na kuvimba, au pale uzi uliposhika nyama kidogo mno. Tundu la homa ya matumbo linamwaga kinyesi tumboni, na mgonjwa anafika amekonda, amepungukiwa damu, ana homa ya wiki 2 au 3. Hata mikono mizuri kuliko yote, kwa mgonjwa wa namna hiyo mshono unaweza kuachia. Basi kuachia kwenyewe hatuwezi kumbebesha mtu lawama kutokana na barua. Ila yale maji ya siku ya 8 yalipaswa kumleta daktari kitandani, naye afungue nyuzi 1 au 2 za ngozi na kuukagua utando kwa kidole chenye glovu safi. Hilo halikufanyika, na mna haki ya kuuliza kwa nini.

SWALI: Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya, Mbozi. Tunafanya upasuaji wa dharura wa uzazi na mara chache mkato wa katikati (ule wa kusimama katikati ya tumbo). Nitumie uzi gani na nishone vipi ili utando usiachie? (Tabibu)

JIBU: Mwenzetu, hesabu ya msingi ni 4 kwa 1. Urefu wa uzi ulioingia kwenye utando uwe angalau mara 4 ya urefu wa jeraha. Jeraha la sm 20 linataka uzi usiopungua sm 80, na njia ya kujua ni kupima: urefu wa uzi ulioanza nao, toa mabaki uliyokata. Hesabu hii ilielezwa na daktari wa upasuaji wa Uingereza, T. P. N. Jenkins, mwaka 1976. Hoja yake ni rahisi. Tumbo likivimba baada ya upasuaji, jeraha la katikati linaweza kurefuka kwa hadi 30%. Uzi haurefuki. Kama hukuacha akiba ndani ya mizunguko, urefu huo utatafutwa kwenye nyama, na nyama itapasuka.

Njia ya siku zote ni kushika sm 1 kutoka ukingoni na kusogea sm 1 kila hatua. Siku hizi wengi wanatumia hatua ndogo: mm 5 hadi 8 kutoka ukingoni, mm 5 kati ya hatua na hatua, na kushika utando peke yake bila mafuta wala misuli. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2015, wenye wagonjwa 560, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja ngiri ya kovu (utumbo kujaa chini ya ngozi pale utando ulipoachana) ilikuwa 13% kwa hatua ndogo na 21% kwa hatua kubwa. Wale walikuwa wagonjwa wa kupangiwa, si wa dharura wenye usaha tumboni, kwa hiyo usiuchukue kama jibu la kila tumbo. Ukichagua hatua ndogo tumia sindano ndogo na uzi mwembamba, saizi ya 2-0. Hatua ndogo kwa sindano kubwa na uzi mnene ni kuukata utando kwa mkono wako mwenyewe.

Uzi uwe wa kuyeyuka polepole kama polidioksanoni, au usioyeyuka kama nailoni na polipropilini. Poliglaktini (Vicryl) hubaki na nusu hivi ya nguvu yake ikifika wiki ya 3, na ikifika wiki ya 4 imebaki kama robo, wakati utando nao bado dhaifu. Katiguti (uzi wa utumbo wa mnyama) kwenye utando wa mkato wa katikati tunaikataa moja kwa moja, kwani huishiwa nguvu ndani ya wiki 2, hata iliyotiwa kromiamu. Shona kwa mfululizo, safu moja, na vuta mpaka kingo zigusane tu. Ukikaza mpaka utando unakuwa mweupe umeunyima damu, na utando uliokufa haushiki uzi. Mwambie pia anayetoa usingizi asiuondoe mapema. Kushona tumbo linalosukuma ndipo hatua zinapochanika kabla mgonjwa hajatoka mezani.

SWALI: Nimejifungua kwa upasuaji, leo ni siku ya 9. Mama mkwe, ambaye amenilea vizuri sana kipindi hiki, anataka anikande tumbo kwa maji ya moto na kunifunga mkaja. Juzi kona moja ya mshono imefunguka kama sm 2 na inatoa maji kidogo. Sitaki kumvunjia heshima. (Mama, Iringa)

JIBU: Hongera kwa mtoto, na mpe mama salamu zetu. Mwombe asome sehemu hii mwenyewe.

Shikamoo mama. Kukanda kulikuwa kwa mzazi aliyejifungua kwa njia ya kawaida, ambaye tumbo lake halikukatwa. Huyu mwanao ana jeraha kwenye ngozi, kwenye utando na kwenye mji wa mimba. Ngozi inayozunguka mshono haina hisia kamili kwa miezi kadhaa, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa, hivyo maji yanayomuunguza hatayasikia mapema. Na mkono unaposukuma tumbo unasukuma moja kwa moja juu ya nyuzi. Tunakuomba kukanda kuachwe kabisa. Mkaja usiwe wa kubana. Kama anapata nafuu akishikiliwa tumbo, kitambaa kipana kikavu, kilicholegea kiasi cha kuingiza vidole 2, avae anapotembea na akivue anapolala. Kisifunike kona iliyofunguka bila bandeji safi katikati. Mkaja unaobana unamzuia kuvuta pumzi ndani, na chini yake jasho linalowesha mshono. Mikono yako, mama, inahitajika zaidi kwenye kubeba maji na kumshika mtoto.

Sasa wewe dada. Mkato wa chini wa kulala, ule wa ukanda wa chupi, mara nyingi ukifunguka hufunguka ngozi na mafuta tu, na kona ya sm 2 isiyo na harufu kwa kawaida hujaa yenyewe kutoka chini. Nenda kliniki leo au kesho wapime kina chake. Wakikuruhusu kusafisha nyumbani, nawa mikono kwa sabuni, toa bandeji ya jana (ikinata iloweshe kwanza), mwagia jeraha maji ya chumvi yale tuliyoeleza juu, kisha weka gozi iliyoloweshwa na kukamuliwa ndani ya tundu. Ilegee, isishindiliwe. Juu yake weka gozi kavu na plasta. Mara 1 kwa siku, au 2 ikiwa inalowa. Walio sehemu za zaidi ya mita 2,000 kama za Kitulo, maji yaendelee kutokota dakika 3, kwa sababu huko yanachemka yakiwa na joto dogo kuliko la pwani.

Usitie spiriti, wala ile dawa inayotoa povu, ndani ya jeraha lililo wazi, kwani huua nyama mpya inayoota. Usimwagie unga wa kapsuli. Tunaliona sana hili: unga unagandamana, unafunga mdomo wa tundu, na usaha unabaki chini yake. Majivu, majani na mafuta ya taa hata tusiyajadili.

Homa ya 38 au zaidi, wekundu unaosambaa, usaha, maumivu ya chini ya kitovu au uchafu wa uzazi wenye harufu mbaya vinaweza kumaanisha kwamba tatizo liko kwenye mji wa mimba. Hapo usingoje kliniki. Namba 115 ya m-mama ni bure, na usafiri wake ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga.

SWALI: Baba alipasuliwa tumbo lenye usaha. Wameshona ndani, lakini ngozi wameiacha wazi. Wamesahau? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Hawajasahau. Ngozi ikifungwa juu ya uchafu, usaha hukusanyika kwenye mafuta na kuushambulia utando kutokea juu. Wanaiacha wazi na kuisafisha, kisha siku ya 3 hadi ya 5, nyama ikiwa nyekundu na safi, wanashona. Jeraha likichelewa kuwa safi huachwa lijifunge lenyewe. Linatisha macho, ila ni uamuzi mzuri.

SWALI: Nalima viazi Njombe. Nilipasuliwa utumbo uliojisokota, ni wiki ya 5 sasa, kovu limekauka kabisa na sina maumivu. Mavuno yapo shambani. Naweza kubeba? (Mkulima)

JIBU: Hapana, kaka, na tunajua hasara unayoiona ukitazama shamba. Kovu lililokauka ni ngozi. Ngozi huziba kwa siku chache, lakini wiki ya 3 jeraha lina kama 30% tu ya nguvu ya zamani, miezi 3 ndipo linakaribia 80%, na 100% halirudi tena. Mpaka wiki ya 6 usinyanyue kitu kinachozidi kilo 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Lumbesa hupita kilo 100, na kwa tumbo lililopasuliwa katikati usiinyanyue kabla ya miezi 3, tena ikiwezekana usiibebe peke yako maisha yako yote. Jembe ni baya kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu kila ukiinama na kuvuta misuli ya tumbo inakaza mara mamia kwa saa. Kuchagua viazi umekaa, kusimamia wapakiaji, kuhesabu magunia: hizo zifanye. Kutembea ni dawa, tembea kila siku, upande wa tambarare kwanza.

Ukizidisha sasa hivi, utumbo kutoka nje si jambo la kutarajia sana, kwa maana wiki za hatari hiyo zimepita. Kinachokungoja ni ngiri ya kovu: ngozi nzima, lakini chini yake utando umeachana na utumbo unajaa kwenye mwanya. Baada ya mkato wa katikati inawapata zaidi ya mtu 1 kati ya 10, mara nyingi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Jikague mwenyewe: lala chali, inua kichwa bila kutumia mikono, tazama kama kuna kivimbe kando ya kovu. Kikiwepo lakini kinarudi, panga siku uonane na daktari. Kikigoma kurudi, kikiuma na ukaanza kutapika, ni dharura ya siku hiyohiyo.

SWALI: Mzee wetu ana miaka 68, kilo 60, yuko Makete. Amepasuliwa siku 6 zilizopita, anakohoa na hali chakula vizuri. Nyama hatuimudu. (Binti yake)

JIBU: Kikohozi kwanza, maana siku ya 6 imo ndani ya zile siku za hatari, ya 5 hadi ya 14. Akohoe, asikizuie, makohozi yakibaki ndani yanakuwa nimonia. Ila kila anapokohoa akumbatie mto au blanketi lililokunjwa, alikandamize juu ya mshono kwa mikono yote 2. Kila saa awapo macho avute pumzi 10 ndefu, akishikilia kila moja sekunde 3. Atolewe kwenye moshi wa jikoni. Na baridi ya huko isiwafanye mwingize jiko la mkaa chumbani kwake, hewa yake inaua kimyakimya. Akianza homa au kuhema haraka, arudi hospitali. Mzee wa umri huu mwulizeni pia kama anajikamua kukojoa, tezi dume ikibana inausukuma mshono sawasawa na kikohozi. Choo kikubwa nacho kisiwe kigumu: papai, mboga za majani na maji ya kutosha.

Chakula hakihitaji nyama. Mwili unaojenga kovu unataka gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 72 hadi 90 kwa siku kwa mzee wa kilo 60. Ugali wa robo kilo ya unga kwa siku nzima una kama 20. Vikombe 2 vya maharage yaliyopikwa, 30. Mayai 2, 12. Glasi ya maziwa, 8. Usipa wakavu wa kutoka Kyela, gramu 30 tu, wanaongeza kama 15. Hapo ameshafika 85. Usipa wasagwe watiwe kwenye uji kama hatafuni. Ongezeni parachichi kwa nguvu, na mapera au machungwa kwa vitamini C, ambayo bila yake kovu halishikani. Ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Ulanzi na sigara viwekwe kando mpaka jeraha lipone. Kama ana kisukari, sukari ibaki chini ya 10 kwenye kipimo cha mmol, na kama ana ugonjwa wa figo, mwulizeni daktari kabla ya kufuata hesabu hii.

SWALI: Nyuzi zinatolewa siku ya ngapi? (Wasomaji kadhaa)

JIBU: Mkato wa kulala wa uzazi, siku ya 5 hadi 7. Mkato wa katikati, siku ya 10 hadi 14, na kwa mwenye kisukari au anayetumia dawa za jamii ya steroidi isiwe kabla ya 14. Anayetoa aanze kwa kuruka uzi mmoja mmoja, atazame, na kingo zikianza kuachana asimame hapo hapo. Wengine mmeshonwa kwa nyuzi za ndani zinazoyeyuka, hazitolewi. Ulizeni kabla ya kuondoka wodini ni zipi mlizowekewa. Zile nyuzi nene zenye vipande vya mpira juu ya ngozi, ambazo huwekwa kwa waliofumuka wakashonwa upya, hukaa kama wiki 3, na za namna hiyo zitolewe hospitalini na anayejua kilichofanyika ndani.